Mpima Mablanketi

Mtu akiniambia blanketi la sufu haliwashi, najua hajawahi kulilalia. Linawasha, tena sana. Unajikuna mpaka unachoka, halafu unalizoea, kama unavyozoea watu. Mimi nimelala ndani ya blanketi la namna hiyo utoto wangu wote, mgongo wangu umegusana na mgongo wa bibi yangu, na hadi leo nikipita dukani nikaona haya ya siku hizi, laini, yana picha za simba na maua makubwa, nayapita. Siyadharau. Sina hamu nayo tu.

Bibi huyo ni mama yake baba. Mama yangu alifariki nikiwa mchanga, na baba alivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba, akaaga kwamba atarudi baada ya mavuno. Mavuno ya mwaka gani, hakusema. Basi tukabaki mimi na bibi katika nyumba ya udongo huku Mbozi, na jirani yetu akawa baba mkubwa, kaka yake baba, na wanawe ambao hata yeye alikuwa akikosea majina yao. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku si ya mchezo. Asubuhi unatoka nje, mibuni imelowa chapachapa, vidole vya miguu havijui kama ni vyako.

Kabla ya Uhuru bibi alikuwa yaya kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Nyumba ile ilikuwa imejaa sufu. Mablanketi mazito ya kijivu yenye mstari wa buluu, shali za memsabu, soksi za bwana zinazofika magotini, vijisweta vya watoto, hata kipande cha kujifunika mapaja ndani ya gari, maana wazungu nao walikuwa wanasikia baridi, walikuwa hawasemi tu. Vingine vilikuja kwa meli kutoka kwao. Vingine walinunua katika duka la barabarani, ambako barazani alikaa fundi cherehani, mzee mmoja Mwislamu aliyetoka pwani, akiwashonea mabwana suruali za sufu.

Kazi ya bibi ilikuwa watoto. Lakini siku moja dobi akachemsha sweta la mtoto, likatoka dogo la kumvalisha paka. Dobi akafukuzwa siku hiyo hiyo, na vitu vyote vya sufu vikahamishiwa mikononi mwa bibi. Akajifunza. Maji ya baridi. Sabuni unaikuna kwanza. Hukamui kama unamkaba mtu, unabonyeza. Huaniki kwenye kamba, unatandaza juu ya majani, kivulini. Sandukuni unaweka majani makavu ya tumbaku ili nondo wasile. Aliniambia mambo haya mara nyingi mno, hata tulipokuwa hatuna cha kufua isipokuwa kaniki zetu mbili.

Na yule fundi wa pwani ndiye aliyemfundisha kupima. Unachomoa uzi mmoja pembeni mwa kitambaa, unaugusisha kwenye kijinga cha moto. Pamba inawaka upesi, inanuka karatasi. Nailoni haiwaki, inayeyuka, inaacha kitone kigumu cheusi mwishoni. Sufu yenyewe inajikunja, inazimika, na inanuka vibaya. Inanuka nywele zilizoungua, inanuka kwato za mbuzi ukiwa unababua miguu yake. Ukisikia harufu mbaya namna hiyo, jua hicho ni kitu halisi, lipa uondoke nacho.

Bendera ilipobadilishwa, wazungu wale wakauza walichoweza kuuza wakaenda zao. Memsabu alimwachia bibi blanketi moja la kijivu, lenye mstari wa buluu na tundu moja la pasi. Ndilo hilo nililosema linawasha.

Sasa lazima nieleze habari ya blanketi la bibi, maana vijana wa leo wanalipa kwa bahasha na hawajui wanalipa nini. Kwetu, msichana akichumbiwa, kuna ng'ombe, kuna jembe, kuna vitu vya baba na vya mjomba, na kuna blanketi la bibi. Sababu yake ni rahisi kabisa. Mjukuu analala na bibi yake. Ndiye joto la bibi. Ukimchukua mjukuu, umemwachia mzee mgongo baridi, kwa hiyo unaleta kitu cha kumfunika badala yake. Bibi asipolipokea blanketi, binti hatoki. Unaweza kuleta ng'ombe wote wa Usangu, hatoki.

Zamani hapakuwa na shida. Watu waliokwenda migodini walirudi na mablanketi ya sufu, na dukani yalikuwepo. Lakini tulipohamishwa kutoka mashambani kwetu tukapangwa kwenye mistari kando ya barabara, kijiji cha ujamaa, duka likawa moja, la kijiji, na ndani yake mara nyingi kulikuwa na kufuli za kuuza na mwenye duka akisinzia. Mablanketi yakawa yanapita kwa wachuuzi, kutoka Nakonde ng'ambo ya mpaka, yamekunjwa ndani ya magunia ya mahindi. Mazuri kwa macho! Unaliosha mara moja, linabaki wavu wa kuvulia samaki.

Hapo ndipo bibi yangu alipopata cheo. Kila mwenye binti anayeolewa alimletea blanketi kwa siri kabla ya siku yenyewe: mama, hebu tuangalizie. Bibi analipokea kwa mikono miwili, analipima uzito, analinusa, halafu anasema, "Nisubirini." Anaingia jikoni, na anayeruhusiwa kumfuata ni mimi peke yangu.

"Mke mwenzangu, lete kijinga."

Ndivyo alivyoniita, utani wa bibi na mjukuu. Nilileta kijinga. Tulichuchumaa mafigani vichwa vikigusana, uzi ukaungua, na yeye alikuwa haniambii kitu. Alinitazama usoni mimi niseme. Nikiwa na miaka tisa nilikuwa naweza kupima macho yamefumbwa. Nilipokosea alinifinya sikio, si sana. Kisha anatoka nje, uso mkavu, anatoa hukumu: "Hili ni la sufu," au, "Hili mrudishieni mwenyewe." Basi. Hakuna aliyebisha. Wanamletea sahani ya maharage, au kipande cha sabuni, wanashukuru.

Siri ya harufu hakumwambia mtu. Hata baba mkubwa, mwanawe wa kumzaa, hakujua. Watu walidhani anasoma majivu. "Ukiwaambia," alinionya, "kesho kila mtu atakuja na pua yake. Mimi nitabaki na nini?" Vijana wenye wachumba walikuwa wanamwamkia bibi yangu kwa magoti yote mawili, hata kwenye tope. Na alipenda, mwe! Alipenda kuogopwa yule mwanamke.

Mimi nami nikapata wangu. Alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli, akibeba mataruma, kijana wa kijiji cha pili kutoka kwetu. Jumapili alikuja kwetu kusali wakati kwao kanisa lilikuwepo, tena kubwa kuliko letu. Watu wakaelewa kabla yangu. Nilipotoka kisimani alitembea mbele yangu kinyumenyume ili anitazame wakati anaongea, na alikuwa anaongea! Habari za Wachina, namna wanavyoamka, namna wanavyokula wima, namna mmoja alivyomfundisha kuhesabu mpaka kumi. Akajikwaa kwenye mzizi akaanguka chali, akaendelea kuhesabu pale pale chini. Nilicheka mpaka ndoo ikamwagika. Nilimpenda. Sina namna nyingine ya kulisema, na sikupenda mwingine hivyo tena.

Alipotuma barua ya posa, baba mkubwa alifurahi. Bibi alisema, "Ni kijana mzuri," akaendelea kupepeta. Mwaka huo macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alikuwa ananiita nimtungie uzi kwenye sindano, halafu akawa ananiita nimwonyeshe sindano iko wapi, halafu nikawa namshika mkono kumpeleka uani. Tulikuwa hatulizungumzi jambo hilo. Alisema ni moshi wa jikoni.

Yote yakaenda. Ng'ombe wakapatikana, jembe likaja. Likabaki blanketi. Kijana wangu hakuweza kuacha kazi, kwa sababu reli ilikuwa inamalizika na waliokuwa wanakosa siku walikuwa wanaondolewa. Akampa hela mjomba wake, kaka yake mama yake, ndiye aliyekuwa mshenga, aende Nakonde akanunue la sufu, lile la bei ya juu kuliko yote. Mjomba huyo alikuwa mtu wa maneno mengi na kofia. Alienda, akarudi, na siku ikapangwa.

Asubuhi ya siku hiyo baba mkubwa alimfuata bibi jikoni. "Mama, leo usipime. Hii ni ya kwetu wenyewe. Pokea tu."

"Nipime nini, na macho haya?" bibi akamjibu.

Nilisikia kwa masikio yangu, na moyo wangu ukatulia.

Wageni wakafika saa nne. Mimi nilikuwa chumba cha ndani na shangazi, dada yake baba, na wasichana wawili, nimefunikwa khanga kichwani kama desturi ilivyo. Kati yetu na sebule ni ukuta wa fito ambao haukufika juu, na mlango wenye pazia la gunia. Tulisikia kila kitu. Tulisikia salamu, tulisikia ugoro ukipitishwa, tulisikia blanketi likikunjuliwa na wazee wakisema aaa. Shangazi alichungulia, akanong'ona kwamba ni la rangi ya damu ya mzee lenye mistari myeusi, zito, anahangaika nalo kulinyanyua.

Baba mkubwa akasema, "Mama, pokea."

Ingeishia hapo. Wallahi ingeishia hapo, kama anavyosema jirani yangu wa siku hizi. Lakini mjomba yule na mdomo wake hakuweza kukaa. Alikuwa amesikia sifa za bibi, na kwa vile aliijua mali aliyonunua alitaka isifiwe mbele ya watu. "Mama yetu," akasema, "tunajua wewe ndiye mpimaji. Tusifichane. Lipime hapa hapa, sote tuone. Hili siyo la wachuuzi. Hili nimelivukia mpaka mwenyewe!" Wazee wakacheka. Baba mkubwa akasema hapana haja. Mjomba akasema, "Haja ipo, mzee mwenzangu, lipimwe!" Na mwenyewe akaleta kijinga kutoka jikoni kwetu.

Bibi hakuwahi kupima mbele ya watu hata siku moja. Nilisikia akichomoa uzi, ule mkwaruzo mdogo. Kisha ikaja ile harufu. Ilipita juu ya ukuta ikanifikia chini ya khanga yangu. Nywele zilizoungua, kwato. Nilitabasamu. Ndiyo, nilitabasamu peke yangu humo gizani ndani ya khanga, kwa sababu sijawahi kusikia sufu safi kama ile, wala lile la memsabu halikufikia.

Sebuleni mtu akakohoa. Mwingine akasema, "Mh! Hii harufu gani?" Shangazi aliniambia baadaye kwamba mjomba mwenyewe alirudi hatua moja akashika pua.

Na bibi yangu akasema, "Mmesikia wenyewe. Inanuka. Hili siyo la sufu."

Nikafikiri nimesikia vibaya. Nikangoja aseme neno lingine. Hakusema. Shangazi, jicho lake kwenye pazia, akanong'ona, "Mbona mama anatazama huku?" Mimi sikuinua kichwa. Msichana haongei siku hiyo. Msichana hata kucheka hacheki akasikika. Na kumwambia bibi yangu mwongo mbele ya wageni, bibi aliyenilea kwa uji na mgongo wake, ningelitoa wapi neno hilo? Nilihesabu vidole vyangu. Nilikuwa sisikii hasira wala uchungu. Mwili wote ulikuwa umeingia ganzi, kama mguu ukiukalia ibadani.

Mjomba akaanza kuapa. Aliapa kwa kaburi la mama yake. Lakini atabisha vipi, na pua yake ilishatoa ushahidi mbele ya kila mtu? Kitu kinachonuka vile kitakuwaje kizuri? Wazee wao wenyewe walikuwa wanamtazama. Baba mkubwa, maskini, akajaribu kupoza, akasema hayo ni mambo madogo, leteni jingine, binti yupo, haondoki. Wakalikunja blanketi, wakavaa viatu, wakaaga kwa adabu. Chakula tulichopika hakikuliwa. Tulikula sisi siku tatu, wali na kuku, na sikuhisi ladha yake.

Hilo jingine halikuja. Nilipata habari kidogo kidogo, kwa watu wa kisimani. Kwamba yeye na mjomba wake wamegombana, kwamba amemwita mwizi. Kwamba mjomba amejitoa ushenga na kwao hakuna mzee mwingine anayetaka kubeba aibu ile. Kwamba reli imekwisha na vibarua wamepunguzwa. Kisha akaniletea ujumbe kwa mdogo wake: nisubiri, anatafuta hela ya blanketi. Nikasubiri. Msimu wa kahawa ukapita. Mwingine ukapita. Baba mkubwa akarudisha ng'ombe wa watu, kwa sababu si vizuri kula cha mtu ambaye hukumpa kitu. Baadaye nikaambiwa ameoa Tunduma. Watu walinitazama wakingoja nilie. Nilikuwa nachambua maharage siku hiyo, nikamaliza kuyachambua.

Na bibi? Tuliishi. Nilimpikia, nikamwogesha, nikamshika mkono. Macho yakafunga kabisa. Sikumuuliza. Mtu atasema, ulikuwa na moyo wa jiwe wewe, au ulikuwa mwema sana. Sikuwa chochote. Asubuhi inafika, unawasha moto. Mablanketi watu waliacha kuleta, si kwa sababu ya macho yake, ila kwa sababu hayakuwepo tena, wala ya sufu wala ya nailoni. Watu walioza binti zao kwa ahadi. Wengine walivaa magunia, na sisemi kwa kutia chumvi.

Ilikuwa katika miaka hiyo ya maduka matupu nilipomwona. Tulishuka Tunduma wanawake watatu, tumebeba maharage, tuvuke tukabadilishane na sabuni na chumvi Nakonde. Kwenye mpaka mgambo walikuwa wanapekua, wanafungua mpaka vitenge vya kubebea watoto. Tulifanikiwa. Mama mmoja wa ng'ambo alinikaribisha, "Mwaiseni, mayo," akanipimia chumvi bila kunipunja, na nikarudi na sabuni nimejifunga kiunoni. Upande wetu, karibu na ukuta wa ghala, mwanamume alikuwa ameegemea mkokoteni akila muhindi wa kuchoma. Akaacha kutafuna.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Alikuwa amekonda na ana mvi mbili tatu, zimewahi. Tukaulizana habari za nyumbani kama watu wanaojuana kwa mbali. Ana watoto wanne. Akaniuliza kama bibi yupo, nikasema yupo, haoni. Akaniuliza kama nina mtoto, nikasema sina. Akageuza ule muhindi mkononi.

"Mjomba wangu amefariki," akasema. "Mavuno haya yaliyopita. Sikwenda kumzika."

"Kwa nini?"

"Si lile blanketi? Alikula kiapo kwangu hajala hela yangu, alinunua la bei ya juu kuliko yote. Nikamwambia mwongo. Nikamwita mwizi mbele ya wanawe. Toka hapo hatukusalimiana. Alipougua akaniita, sikwenda." Akatema punje moja. "Nikuulize. Wewe ulikuwa msaidizi wa bibi yako. Lilikuwa bandia kweli?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa chumba cha ndani, nani angenilaumu? Au ningesema lilikuwa bandia, akalale usingizi wake. Mpaka leo sijui kama nilisema kweli kwa sababu ya wema au kwa sababu nilichoka kuibeba peke yangu.

"Lilikuwa la sufu," nikamwambia. "Sufu inanuka hivyo. Ndiyo dalili yake."

Hakuelewa mara moja. Nikamweleza, uzi, kijinga, pamba, nailoni. Nilimweleza taratibu, kama bibi alivyonieleza mimi, na nikaona anavyofahamu, kidogo kidogo, kuanzia machoni mpaka mabegani.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Harufu ilinifikia."

"Mbona hukusema?"

Nikamwambia msichana hasemi mbele ya wakwe. Nilisema hivyo kweli. Mtu mzima hovyo, nimesimama mpakani nimefunga sabuni kiunoni, natoa maneno ya kufundishwa unyagoni. Nilitaka anitukane. Ningeshukuru. Yeye alifunga muhindi uliobaki ndani ya jani lake, akauweka kwenye mkokoteni, akasema, "Mjomba alikuwa ananibeba begani nikiwa mdogo," akasukuma mkokoteni wake akaenda upande wa stendi ya malori. Sikumwona tena.

Nilifika nyumbani kesho yake mchana. Bibi alikuwa amekaa juani kwenye mkeka, anamenya maharage mabichi kwa kupapasa. Nikamwonyesha sabuni, akainusa, akasema hii ni nzuri. Nikakaa mbele yake nikachukua na mimi maganda.

"Nimeonana na yule wa reli," nikasema.

"Ana afya?"

"Anayo. Mjomba wake amefariki. Hawakupatana mpaka mwisho."

Mikono yake iliendelea. Ganda, maharage, ganda. Nikasema, "Bibi, siku ile nilisikia harufu."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikufundisha mwenyewe. Unadhani nilisahau nani yuko nyuma ya ukuta?" Sauti yake haikutetemeka, ilikuwa sauti ya kuagiza chumvi. "Nilikuwa naogopa, mwanangu. Macho yanakwenda, na wewe unakwenda. Yule mtu akaleta kijinga mwenyewe, na neno likanitoka. Lilipotoka tu nikalijutia. Nikasema, yupo ndani, anajua, atakohoa. Akikohoa tu nitasema nimekosea, uzee huu, blanketi ni zuri. Nikageuza uso kwenye mlango nikakungoja. Nilikungoja mpaka wamevaa viatu." Akaokota ganda jingine. "Hukukohoa. Basi nikajua na wewe hutaki kwenda. Nikafurahi."

Kuku walikuwa wanaparua kwenye maganda. Niliwafukuza. Kisha nikafungua mdomo, na neno ambalo sikuwahi kumwambia mtu likatoka lenyewe, dogo, limekauka.

"Nilitaka kwenda, bibi."

Akaacha kumenya. Akanyoosha mkono kunitafuta, akapapasa hewani kushoto, akapapasa kulia, mahali ambapo nilikuwa nakaa siku zote, na mimi nikamtazama anavyopapasa, nikabaki pale pale nilipokaa.